Musafiri: jina la ukoo ambalo babu hakuliacha



Mwezi uliopita nilikuwa ninasaidia mdogo wetu mmoja, mtoto wa jirani, kujaza fishi ya kuomba nafasi kwenye chuo kikuu cha nje. Kisanduku cha kwanza: jina la ukoo. Akaandika Musafiri. Kisha wakataka jina la ukoo la baba. Akaandika jina lingine kabisa. La mama, lingine tena. Ndugu zake wanne, kila mmoja na lake. Baada ya siku chache barua ikarudi: aeleze kwa nini hana jina la baba yake, na alete ushahidi kama huyo ni baba yake kweli. Kijana aliumia. "Kaka, sasa hawa banafikiri miye si mutoto wa nyumba?"

Nilitaka kumwandikia jibu la mistari mitatu. Mistari ile ikakataa kutosha. Nikaona pia kwamba wengi wetu tunabebaka majina haya kwenye diploma bila kujua yalitoka wapi na yaliingiaje kwenye karatasi. Njo nikaamua kuandika. Nachukua jina moja tu, Musafiri, juu ndilo lililoleta matata. Lakini wenye Safari, Masumbuko, Bahati na Mateso mtajikuta ndani.

Musafiri, kila mtu anaelewa, ni mtu aliye safarini. Kwetu anapewaka jina hili mtoto ambaye kuzaliwa kwake kulikutana na njia. Mama alikuwa anarudi sokoni Minova na uchungu ukamshika barabarani. Baba alikuwa ameenda kutafuta pesa kwenye machimbo ya Walikale, na siku aliporudi akakuta mtoto ameanza kukaa. Ao familia nzima ilikuwa imekimbia, na mtoto akazaliwa kwa watu, chini ya shitingi. Ukiuliza wazee kwa nini fulani anaitwa Musafiri, watakupa sababu kwa neno moja, halafu hadithi ya nusu saa.

Hapo ndipo wale wa ofisi walipopotelea. Jina la ukoo, kwa watu wengi wa Ulaya, linasema wewe ni wa nani. Musafiri linasema siku ile ilikuwaje. Na juu kila mtoto ana siku yake, watoto sita wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina sita, na hakuna hata mmoja wa kando. Aliyezaliwa baada ya mama kuzika wawili ni Machozi. Wa mwaka wa mavuno mazuri ni Furaha ao Riziki. Aliyesumbua tangu tumboni ni Masumbuko, na huyo maskini, jina linamfuata mpaka siku anapotafuta kazi.

Msifikiri ni kitu kilichokuja na Kiswahili. Kila jirani yetu ana namna yake ya kufanya hivyo. Kwa Wanande, jina linasema ulikuja wa ngapi: Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano. Ukisikia Muhindo, ao Kahindo kwa msichana, ujue mtoto huyo aligeuza mstari, alikuja baada ya mwenye jinsia nyingine. Kwa wenye kusema Kinyarwanda, majina mengi ni sala ya mzazi: Habimana, Mungu yupo, Hakizimana, Mungu ndiye anayeponya. Upande wa Wahavu na Washi kuna Byamungu, mambo ya Mungu. Ukoo upo, watu wanaujua vizuri, na wanajua nani hawezi kumwoa nani. Lakini ukoo huo unakaa mdomoni mwa wazee. Hakuna aliyekuwa anauandika mbele ya jina la mtoto.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Walikale, kwa Wanyanga. Mwaka 1956 msimulizi mmoja, Candi Rureke, alisimulia kwa siku kumi na mbili hadithi ya Mwindo mbele ya Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekuwa anafanya utafiti huko. Hadithi ilichapwa kitabu mwaka 1969, na aliyeshirikiana naye kuitafsiri ni Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe na mtaalamu wa lugha. Wengi wetu tuliisikia jikoni, bila kujua kwamba inasomwa kwenye vyuo vikuu vya Marekani. Mfalme Shemwindo wa Tubondo aliwakataza wake zake kuzaa mvulana. Anataka wasichana tu. Mvulana akazaliwa. Na jina Mwindo lenyewe, kwa Wanyanga, ndilo analopewa mvulana aliyekuja baada ya mstari wa wasichana. Kwa hiyo shujaa mkubwa kuliko wote wa milima hii ana jina la hali ya kuzaliwa, sawa vile Musafiri. Tena jina lake la sifa ni Kabutwa-kenda, mdogo aliyezaliwa tu akatembea. Hata asiyejua Kinyanga anasikia "kenda" humo ndani. Kwangu miye, huyo njo Musafiri wa kwanza wa upande wetu, kabla neno lenyewe halijafika.

Na muangalie jina la baba. Shemwindo maana yake ni baba wa Mwindo. Mtu aliyetaka kumuua mtoto wake, aliyemfukia, aliyemfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini, ndiye anayebeba jina la mtoto huyo mpaka leo. Sisi tunafanya vilevile kila siku bila kufikiri: Mama Musafiri, Baba Musafiri. Kuna wamama Kirotshe ambao nimewajua tangu utoto na siwezi kukuambia wanaitwa nani, juu nawajua kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Kwenye fishi za nje jina linashukaka tu, kutoka kwa babu kwenda chini. Kwetu linapanda.

Sasa, desturi ni ya kale, lakini neno lenyewe halikuzaliwa huku. Musafiri si Kihunde, si Kinyanga, si Kihavu. Ni Kiarabu kilichopita pwani. Kiarabu wanasema safar, safari, na musafir, mwenye kusafiri. Ile "mu" ya mwanzo kwa Kiarabu ni alama ya mtendaji. Waswahili wa pwani waliisikia, na kwa masikio ya Kibantu ikawa sawa na "mu" ya muntu, mtu: mmoja msafiri, wengi wasafiri. Pwani wakaifupisha wakabaki na "m". Sisi huku Congo hatufupishi, tunasema mutu, mutoto, muzuri, na kwa hiyo Musafiri wetu, ambaye wa Dar es Salaam wanamcheka kwamba hajui Kiswahili, yuko karibu na Kiarabu kuliko Msafiri wao. Ni bahati tu, lakini miye naifurahia.

Neno lilisafiri na misafara. Karne ya 19, wafanyabiashara wa pwani walivuka Tanganyika kutoka Ujiji, wakajenga Nyangwe na Kasongo kwenye mto Lualaba. Hamed bin Muhammed, ambaye watu wanamjua kama Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake. Walitafuta pembe za ndovu na watumwa, tusifiche. Lugha yetu ilifika na bunduki na minyororo. Kati ya 1892 na 1894 jeshi la Leopold likawapiga, likachukua nchi, lakini Kiswahili kikabaki. Wakakitumia askari, wamisionari, machimbo, na mashamba makubwa ya wazungu. Hapa Masisi, kwenye mashamba ya kahawa, chai, pareto na kinkina, mtu wa Kihunde, mtu wa Kinyarwanda na mtu wa Kihavu wakisimama kwenye mstari mmoja kupokea posho, lugha ya kugombania posho ilikuwa Kiswahili.

Kwa maoni yangu, ndipo jina lilipoingia. Wazo lilikuwa tayari ndani ya nyumba: Kinyarwanda kina Mugenzi, msafiri, Mashi ina Lugendo, safari. Mzazi aliyeishi kati ya watu wa lugha tatu alichukua wazo la nyumbani akalivika neno la sokoni, ambalo jirani naye ataelewa.

Neno hilohilo lilienda na kaskazini pia. Katikati ya bahari ya Mediteranea kuna kisiwa kidogo, Malta, ambacho watu wake ni Wakatoliki kama wengi wetu, lakini lugha yao ilitoka kwa Kiarabu, ila wanaiandika kwa herufi za kizungu. Kwa Kimalta, mtu aliye nje ya nchi wanasema yuko "imsiefer". Mnasikia? Ni Musafiri yuleyule, amepita njia nyingine. Nawataja Wamalta kwa sababu nyingine pia. Majina yao ya ukoo ni ya kale na yanafuatika kwenye karatasi; iko orodha ya watu wa mgambo ya miaka 1419 na 1420, na ndani yake mna majina ambayo bado yanaitwa leo kwenye madarasa yao. Mojawapo ya majina ya kawaida kule ni Grech. Maana yake ni Mgiriki. Siku moja, karne nyingi zilizopita, kuna mtu alifika kutoka Ugiriki, ao alidhaniwa ametoka huko, jirani wakamwita hivyo, karani akaandika. Jina likashika watoto, wajukuu, vitukuu. Na leo hakuna anayemsimamisha bwana Grech barabarani kumwambia arudi Ugiriki.

Nitarudi kwa huyo Grech. Kwanza tuone vile sisi tulivyoandikwa.

Karatasi kwetu ilikuja na kodi. Wabelgiji walitaka kila mwanaume mzima awe na buku, na ndani ya buku jina lake, la baba yake, la kijiji chake, la chefu wake, na kabila. Karani alisikia kwa sikio lake akaandika kwa mkono wake. Angalia jina la hapa kwetu. Hiyo "tsh" ya Kirotshe ni sikio la Mbelgiji, ndiyo ileile ya Tshopo na ya Tshombe. Kwa Kiswahili tungeandika "ch" na tungemaliza. Musafiri naye amepata mateso yake: nimeona Musafiri, Msafiri na Musafili kwa mtu mmoja, kwenye buletini, kwenye diploma na kwenye kadi ya kura. Ninyi mliokaa miaka mnangojea diploma isahihishwe herufi moja, sina haja ya kuwaeleza.

Padri naye akaongeza la ubatizo. Mtu akawa Jean Musafiri, na Musafiri, ambalo lilikuwa jina la siku, likaanza kukaa mahali ambapo mzungu anaweka jina la ukoo. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Kisha ikaja authenticité. Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaïre. Januari 1972 Mobutu akatupa Joseph-Désiré, akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, na raia wote wakatakiwa kuacha majina ya kizungu. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, na mwaka uleule akalazimika kwenda kukaa Roma. Mapadri walionywa kwamba atakayembatiza mtoto kwa jina la kigeni ataona jela. Majina ya ubatizo yakaingia mafichoni. Mama alimwita mtoto Jean ndani ya nyumba, na nje akamwita Musafiri. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikaweka mambo hayo sawa, na Sheria ya Familia ya 1987 ikaendelea nayo: majina yatoke kwenye urithi wa utamaduni wa nchi. Ni wakati ule kila mtu alitafuta jina la pili la kuongeza, mara nyingi la babu ao la shangazi, na likaitwa postnom. Mpaka leo fishi zetu zina visanduku vitatu: nom, postnom, prénom. Mobutu alikufa Rabat mwaka 1997. Visanduku vyake viko hai.

Sasa hapa kuna jambo ambalo mtu hulipita haraka. Jina Musafiri, lenye asili ya Kiarabu, lililokuja na watu wa pembe na watumwa, lilipita mtihani wa authenticité bila shida yoyote. Pierre alikuwa mgeni, Musafiri alikuwa mwenyeji. Kiswahili kilikuwa kimeshahesabiwa kuwa lugha ya nchi, na leo Katiba ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Jina lenye maana ya "mtu anayepita" likapewa uenyeji kwa sheria. Nani alifikiri kuhusu hilo wakati ule, sijui, lakini kwa Masisi lilikuwa jambo kubwa.

Juu Masisi, ndugu zangu, jina halikuwahi kuwa kitu cha kucheka nacho. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji ulileta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, kwa mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, wengi wakawekwa Gishari na milima inayoizunguka. Ardhi ilikuwa ya Wahunde, na Wahunde hawakuulizwa kwa namna ya kuulizwa. Baadaye leta ikacheza na uraia wa watu hao. Sheria ya Januari 1972, mwezi uleule wa majina, ikawapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya Juni 1981 ikaunyang'anya. Nyingine ikaja Novemba 2004. Mtu mmoja, bila kuhama kilima chake, aliamka mwenyeji, akalala mgeni, akaamka tena mwenyeji. Machi 1993 moto ukawaka Ntoto, huko Walikale, ukapanda mpaka Masisi. Mwaka uliofuata mamia ya maelfu ya wakimbizi wakaingia Goma kutoka Rwanda, na tangu hapo hatujapumua vizuri.

Tangu wakati ule, kwenye bariere nyingi, kitu cha kwanza kilichosomwa ni jina. Mwenye Habimana alijua bariere gani asipite. Mwenye jina la Kihunde alijua nyingine. Sitaki kuhesabu waliokufa juu ya herufi chache, kila nyumba inajua wake.

Na hapo Musafiri alikuwa na dawa yake. Ukisoma Musafiri huwezi kujua ni nani. Miye peke yangu, bila kutafuta, namjua Musafiri Muhunde, Musafiri Muhutu, Musafiri Muhavu, na Musafiri mmoja ambaye baba yake ni Mutembo na mama yake Mututsi. Bahati, Amani, Baraka, Safari, ni vilevile. Siamini kwamba wazazi wote waliotoa majina hayo walikuwa wanapanga ujanja. Wengi walikuwa tu na mtoto na siku yake. Lakini najua wachache ambao, baada ya 1993, walimpa mtoto jina la Kiswahili kwa makusudi, na wakaniambia hivyo waziwazi: "Bamusome, basijue." Mzee mmoja alinisahihisha nilipomwambia hilo ni jambo zuri. Akasema bariere nayo ina akili. Ukisema Musafiri wanauliza: baba yako ni nani? Na babu? Na unatoka wapi, Musafiri? Alicheka kidogo aliposema hilo la mwisho, lakini si kicheko cha furaha.

Ndiyo maana namkumbuka Grech. Sisi tunagombana nani alifika wa kwanza kama vile kilima kina karne nyingi kwenye daftari, na daftari zenyewe si za kale. Kule jina limeandika wazi kabisa kwamba mtu huyu ni mgeni, na ugeni umekauka humo ndani mpaka umekuwa sauti tu. Sisemi Wamalta ni watu wazuri kutuzidi. Walipewa muda. Hakuna aliyekuja kila miaka kumi na sheria mpya kumuuliza Grech kuhusu babu.

Majina haya bado yanazaliwa. Mei 2021, Nyiragongo ilipotapika na Goma ikaambiwa ihame, watu walitembea na magodoro kichwani kwenda Sake na zaidi, na mimba hazikungoja. Mwanzoni mwa 2024 vita vilipofika Shasha na barabara ya Minova ikafungwa, wengi wa Kirotshe walikuwa tayari Bulengo na Mugunga. Yeyote aliyefundisha ao aliyetibu kwenye kambi hizo atakuambia ni Musafiri wangapi, na Vumilia wangapi, waliandikwa huko. Miaka kumi na minane kutoka sasa wataandika jina hilo kwenye Exetat. Msahihishaji hataona bahasha tu, ataona mwaka.

Lakini kuna kitu kimeanza kubadilika, na kimeanzia nje. Wenzetu waliopita kambi za Uganda, Burundi na Tanzania, wakapelekwa Marekani, Canada ao Australia, wamekuta visanduku viwili tu pale sisi tunapojaza vitatu. Jina la kwanza, jina la mwisho. Musafiri akaangukia la mwisho. Mtoto aliyezaliwa kule akaandikwa Musafiri naye, na dada yake Musafiri, na mama wa nyumba anaitwa Madame Musafiri hata na wale wasiojua kwamba kwao ana jina lake. Watoto wamezaliwa hospitali dakika kumi kutoka nyumbani, hawajawahi kukimbia chochote, na wanaitwa Musafiri wote. Kwa mara ya kwanza jina limeanza kushuka. Mnaona? Ndivyo ukoo wa karatasi unavyozaliwa, mbele ya macho yetu, sawa vile Malta ya wakati ule: mtu mmoja, siku moja, karani mmoja.

Wengine mnaniandikia kwamba mnaona aibu, kwamba mtoto anauliza maana na hamjui mseme nini. Mwambieni mlizaliwa wapi na siku gani. Hilo ndilo jina. Lingine lote ni kisanduku.

Barua ya kijana tuliiandika ukurasa mmoja. Tulieleza kwamba nchini mwetu mtoto anapewa jina lake na wazazi bila kulazimika kuchukua la baba. Kwamba majina hayo, kwa mpangilio wake, sheria inayalinda, na hayabadilishwi bila tribunali. Kwamba baba yake ameandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, mstari wa pili. Tukaweka kopi ya cheti. Nikaongeza kwa hiari yangu sentensi moja kuhusu maana ya Musafiri, kijana akasema niiondoe, haiwahusu. Niliiondoa.

Walijibu baada ya wiki tatu. Wamepokea maelezo, na kwenye daftari lao ameandikwa Musafiri kama jina la ukoo. Jioni nikapita kwa baba yake kumpa habari, nikamweleza kwamba kijana akioa huko, watoto na wajukuu wote watakuwa Musafiri. Mzee alikaa kimya kidogo.

"Wote?"

"Wote, Baba Musafiri."

"Ata bale basichana?"

"Ata basichana."

Akatikisa kichwa. "Na miye nilimupa ile jina juu mama yake alitoka ku soko Minova na muvua ikamufunga njiani. Kama ile siku muvua haikunyesha, bangeitwa nani?"